Mwanga Uliowafuata Bwawani

Asubuhi ile jirani yetu Gunvor, mkaguzi wa mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, alikunywa kahawa na mkate wa mdalasini kituoni, pwani ya Småland. Kisha akaifunga kamera yake kwa kamba isije ikatumbukia katika bwawa yanamohifadhiwa mafuta hayo. Alikuja kuhakikisha kwamba hakuna fungu la fimbo za mafuta lililobadilishwa kwa bandia.

Daraja la juu ya bwawa liliendeshwa na Torsten. Majira ya baridi yaliyopita, gurudumu la daraja hilo lilikata mpira wa kupitishia hewa wa mzamiaji Evert, akafa humo humo majini. Torsten aliapa kwamba mpira ulijinasa wenyewe.

"Dada mkaguzi, ukimaliza kuyakagua hayo, nikague na mimi. Mke wangu anadai ndani sina kitu."

"Zima taa, bwana. Porojo baadaye."

Giza likaingia. Chini, maji yakawaka buluu kwa mionzi ya mafuta. Fungu la kweli hung'aa ukilitazama wima kutoka juu; ukisogea, hufifia. Moja halikufifia.

"Kushoto kidogo," Gunvor alinong'ona.

Daraja likasogea. Mwanga ukasogea nalo.

"Sasa kulia."

Ukafuata.

"Torsten, washa taa."

"Ngoja kwanza. Kuna kitu kimeliziba." Akafungua mkanda wa usalama, kama wafanyavyo wazoefu wanaotaka kuona wima, akainama nje ya reli.

Mwanga ukapanda. Ulikuwa na vidole.

Vikamshika mkono wa kulia. Mfupa ukaalika. Uso wake ukagonga reli, ukagonga tena. Meno yakadondokea majini. Gunvor akamkumbatia kiuno, akavuta. Kilichokuwa chini kikavuta zaidi.

"Mwambie ukweli," Gunvor alinong'ona.

"Mpira ulijinasa, Evert."

Bega likachomoka.

"Torsten, mwambie."

"Ulijinasa wenyewe."

Miguu yake ikaacha sakafu. Gunvor aliona kwamba atampoteza mzima mzima. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kuendesha daraja. Daraja likaondoka kwa nguvu. Nyama ikachanika. Wakaangukia nyuma pamoja, Torsten akiwa hai, mkono mmoja haupo.

Wazamiaji walilipekua bwawa. Hawakuupata mkono huo.

Hospitalini, muuguzi alimnawisha mkono uliobaki, wa kushoto, ambao haukuguswa na chochote. Kipima mionzi kilikuwa kimya. Jua lilikuwa dirishani.

"Ulijinasa wenyewe," Torsten alikuwa akirudia kwa midomo iliyoshonwa.

Ndani ya beseni, kuzunguka kifundo cha mkono huo, alama za vidole vitano ziliwaka buluu.