Bodi Mpya ya Marehemu Sadalla

Jua lilikuwa linazama Nguvumali, na Hafidh alikuwa ameshavuta nusu ya mlango wa duka ili awahi magharibi, pale Bi Khairat alipoingia na kompyuta ya marehemu mumewe, Sadalla, imefungwa kwa kaniki.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe si mtu wa kughushi."

Hafidh kichwa kikamvimba kidogo. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kompyuta za mitumba zinashushwa bandarini kama viazi, na kila fundi mjini anapachika Windows ya wizi. Yeye hakupachika. Ufundi alijifunza peke yake, na ukimwita mwizi, bisibisi ilikuwa inakufuata mlangoni.

Akafungua kasha. Harufu ya ubani ikampiga puani...

Ndani ya kompyuta?

Bodi, ule ubao unaobeba kila kitu, ilikuwa imeungua katikati. Akaing'oa, akafunga nyingine. Bi Khairat hakubandua macho.

"Unanichunga nisikuibie?"

"Sikuchungi wewe."

Mashine ikawaka, ikagoma. Windows ilikuwa halali, ila haikuutambua mwili mpya. Ikataka apige simu, aombe kibali upya.

"Wenzangu wana njia za mkato," Hafidh akasema. "Mimi sina."

"Ndiyo maana sikwenda kwao."

Akapiga. Sauti ya mashine, ya Kizungu, ikamtaka asome tarakimu. Akasoma. Kisha kitu kikapumua kwenye waya, na sauti ikageuka. Kiswahili cha pwani, cha kizee, karibu mno na sikio.

"Kiti cha kwanza kiko wapi?"

Mtaa mzima ulijua kwamba Sadalla alikuwa kiti, mtu anayepandwa na pepo. Walijua pia kwamba pepo akifiwa na kiti hudai kingine, ila hampandi asiyejitaja kwa kinywa chake. Na tangu msiba ule, Wanu, binti pekee wa Bi Khairat, alikuwa hali wala halali, kutwa anaitwa na mtu asiyeonekana.

"Nani anayenichezea?"

"Kiti cha kwanza kiko wapi?"

"Bodi imekufa. Nimefunga mpya."

"Mwenyewe nani?"

Hafidh akamsogezea Bi Khairat simu. "Taja jina lako."

Mama akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Sisemi," akanong'ona. "Na Wanu nimemkataza. Amechoka, fundi. Leo angejitaja."

Hasira zikampanda Hafidh. Kazi imekwisha, imefanywa kwa haki, halafu ikwame kwa mambo ya kupunga pepo?

"Mimi," akafoka kwenye simu. "Hafidh, fundi. Nimeifunga kwa mikono yangu."

"Tumepokea."

Skrini ikafunguka. Bi Khairat akalia bila sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka.

"Bi mkubwa, mashine yako."

"Si yangu tena, baba. Unisamehe."

Akatoka, hakugeuka.

Hafidh akafunga duka, akaenda kwake haraka, akijiambia kwamba wajane wana vituko. Mkewe Tuhfa alikuwa ametandika mkeka na kupakua wali. Akamtazama mumewe, kisha akatazama nyuma ya bega lake, akajitanda vizuri.

"Mbona hukuniambia unakuja na mgeni?"

"Mgeni yupi?"

Tuhfa akasogea kidogo kwenye mkeka, kama anayempisha mtu akae.