Lagi na Kofia ya Nyaya

Kila alipotoka shule, Lagi alipitia kwanza kitandani kwa bibi yake, Fetu. Alimchomekea ua sikioni, akamsogezea uso wake na kuuliza, "Bibi, unaniona?"

Tangu apigwe na kiharusi, bibi hakusema neno wala kuinua kidole. Macho yake yalikuwa wazi, lakini nani ajuaye yaliona nini? Lagi alitamani kuitwa tena "mtundu wangu".

Ndiyo maana alikubali kuvaa kofia ya nyaya katika maabara moja mjini Brisbane. Dokta Heather alikuwa akiifundisha kompyuta kutambua, kwa mawimbi ya ubongo peke yake, kama mtu anatazama uso au nyumba. Ikifaulu kwa watu wenye afya, ingejaribiwa kwa Bibi Fetu.

"Usikaze meno, mwanangu," Dokta alimwonya. "Misuli ya taya huvuruga mawimbi."

Lagi alilisikia onyo hilo, akalitumia kwa kazi nyingine. Uso ulipotokea kwenye skrini, alikaza meno. Nyumba ilipotokea, alilegeza. Kompyuta haikukosea hata mara moja.

"Loo, kumbe ana kichwa!" alisema kaka yake Tavita, aliyekuwa amemsindikiza. "Na nyumbani hajui hata soksi zake ziko wapi!"

Dokta hakucheka. Kompyuta yake ilipaswa pia kuonyesha imetegemea nini, kwa hiyo alifungua mchoro wa kichwa. Sehemu iliyotegemewa ilipakwa rangi nyekundu.

"Kazi ya kuona hufanyika huku kisogoni," alisema. "Mbona wekundu wote uko pembeni, penye misuli ya taya?"

Lagi aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. "Nilikaza meno, Dokta. Nilitaka ifaulu ili Bibi aje."

"Bibi yako hawezi kukaza taya, Lagi. Kompyuta uliyoifundisha wewe ingesema haoni kitu. Nasi tungeamini."

Kidogo tu Lagi amfungie bibi yake mlango kwa mkono wake mwenyewe! Akaomba kurudia. Safari hii kompyuta ilikosea mara nyingi, na Tavita akaguna, lakini wekundu ulihamia kisogoni.

"Haya ndiyo niliyoyataka," alisema Dokta.

Majira ya mvua yalipokwisha, Bibi Fetu alivikwa kofia ile ile. Kompyuta ilibahatisha, ikakosea, ikapatia zaidi ya ilivyokosea. Kisogoni palikuwa pekundu.

"Haituambii anawaza nini," Dokta alisema taratibu, "ila nyuso anaziona. Umejifunza nini, Lagi? Jibu sahihi lililopatikana kwa hila ni bure. Bora ukosee kwa kweli, maana kosa la kweli hurekebishika."

Jioni ile Lagi alichomeka ua sikioni kwa bibi yake. Lile neno "mtundu wangu" halikuja, naye bado alilitamani. Akamsogezea uso wake, lakini safari hii hakuuliza.

"Bibi," alisema, "ni mimi."