Chumvi Nyeupe ya Mama Kidoti

Majirani zangu, hii si habari ya kusikiliza kwa sikio moja huku jingine liko jikoni. Wekeni kazi chini kidogo. Kila mmoja wetu ana kikopo cha chumvi nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kusema hayamhusu.

Asubuhi ile kulikuwa shwari kwenye majaruba ya chumvi, vile vidimbwi vya kina cha kiganja ambamo maji ya bahari huachwa jua liyanywe mpaka ibaki chumvi peke yake. Mama Kidoti alikuwa amechutama akiikwangua ya kwake kwa ubao. Binti yake wa miaka saba, Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikaa pembeni akisoma kwa sauti maandishi ya magunia, hata yaliyofutika nusu. Mtoto yule alijua kusoma kabla hajang'oka jino la kwanza. Darasani alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa binamu yake, binti wa mjomba wake. Jambo hilo lilimpa Mama Kidoti usingizi mtamu kuliko godoro lolote.

Maana, ndugu zangu, jaruba la pili lilikuwa la wifi yake, mke wa kaka yake, na baina ya wifi na wifi mnajua wenyewe. Wifi huyo hakuwa na ubaya na mtu. Ubaya wake mmoja tu, chumvi yake ilitoka nyeupe.

Mwoka mikate wa mtaani alifika asubuhi hiyo kununua. Siku zote alichukua kwa wote wawili. Safari hii akachota chumvi ya Mama Kidoti, akaitazama kiganjani, akairudisha.

"Samahani, mama," akasema. "Yako ina rangi ya vumbi. Wateja wangu wananiuliza maswali."

Kisha akavuka kwenda kwa wifi na kujaza gunia zima huko. Mama Kidoti akabaki na ubao mkononi. Tangu saa hiyo akawa hawezi kumtazama wifi yake akicheka bila kudhani kwamba anachekwa yeye.

Hata hivyo alijikaza akaenda kuuliza siri. Wifi hakuficha kitu. Alimweleza kwamba chumvi ikishakwanguliwa huiosha mara mbili kwa maji ya chumvi yaliyokolea, ambayo huondoa tope bila kuyeyusha chumvi yenyewe, halafu huiacha ichuje kwenye kapu siku tatu ndipo aianike. Akamwambia, "Wifi, njoo kesho nikuonyeshe."

Hakwenda. Aliguna njia nzima ya kurudi nyumbani. Siku tatu nzima za kungoja chumvi ichuje? Huyo anamfanya mtoto mdogo, lazima kuna dawa anayoificha. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini mwenye kijicho hataki kujua vimeundwaje, anataka vizame. Jioni alitoa amri kwamba punje ya chumvi ya wifi isikanyage jikoni kwake. Mumewe seremala alimwuliza kisa ni nini, akajibiwa kwamba mambo ya wanawake hayamhusu, naye akarudi kwenye randa yake.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Nyuma ya gereji alikuwapo fundi betri, mtu wa kupasua betri chakavu za magari. Aliyeyusha mabamba ya ndani, akayafua kuwa vipande vipana vya kijivu, vizito na laini, vya kuzibia mapaa. Mama Kidoti alikuwa ameshaviona kwenye mapaa ya watu: mvua zinapita, jua linapita, wala havishiki kutu. Akajiambia kwamba adui wa chumvi yake ni tope la chini. Akitandika vipande vile ndani ya jaruba, tope litapitia wapi?

Akaenda. Fundi akamwuliza anavitaka kwa kazi gani. Hapo, jamani, hapo! Angesema kweli, nisingekuwa na hadithi leo. Lakini aliwaza: nikisema ni vya jaruba, fundi atamwambia mkewe, mkewe atamwambia wifi, na wifi naye atatandika, tutakuwa palepale. Akajibu kwamba paa linavuja. Fundi akampa vipande vinane, vikapelekwa kwa mkokoteni.

Alivitandika, akagonga kingo kwa nyundo, akazungushia jaruba uzio wa magunia ili asionekane. Na kweli, chumvi ikatoka nyeupe pe! Mwoka mikate alirudi, safari hii na magunia mawili. Wifi mwenyewe alikuja kumpongeza bila kinyongo, na Mama Kidoti akaipokea pongezi ile kama mtu anayepokea deni lake. Kidoti ndiye aliyekuwa msaidizi ndani ya uzio. Alikwangua, alibeba, na kama watoto wote alilamba vidole na kumung'unya punje kubwa kubwa. Mama alimwona, wala hakumkataza. Chumvi safi ya nyumbani, ina nini?

Miezi ikapita, mitano hivi. Kidoti akaanza kulalamika tumbo. Chakula hataki, choo kinampa taabu, viganja vimekuwa vyeupe kama havina damu. Akawa mkali kwa jambo dogo, yeye aliyekuwa mtoto wa kucheka na kila mtu. Halafu mwalimu akawaita wazazi. Akawaambia kwamba mtoto hatulii, anasahau alichofundishwa jana, na mstari mmoja anausoma mara tatu haufiki mwisho. Katika mtihani alikuwa wa ishirini na tisa. Wa kwanza alikuwa binamu yake.

Mngekuwa ninyi mngelia. Mama Kidoti hakulia, aliwaka. Akamwambia mumewe kwamba sasa mambo yako wazi, wifi amemtupia mtoto jicho ili wake apande. Wifi aliposikia mtoto anaumwa alileta supu ya kuku, akamlisha vijiko viwili, akampangusa mdomo. Alipotoka tu, supu ikamwagwa. Mama Kidoti akapika nyingine, akaitia chumvi yake mwenyewe, ile safi, akamlisha mwanawe mpaka bakuli likaisha.

Kwenye zahanati muuguzi alimtoa Kidoti damu, ikapelekwa hospitali kubwa. Majibu yalisema mtoto ana madini ya risasi mwilini, sumu inayoharibu damu na ubongo, hasa ubongo wa mtoto. Muuguzi akaeleza kwamba inaweza kuingia kwa maji, kwa rangi za ukutani, kwa udongo, hata kwa chumvi au viungo. Akaomba waletewe maji ya kisimani, udongo wa uwani na chumvi ya jikoni vikapimwe.

Mama Kidoti hakujua kwamba vile vipande vya fundi ni risasi. Kwake lilikuwa bati laini tu. Aliposikia neno chumvi, wazo la kwanza lililomjia ni wifi. Si mtoto hushinda kule kwa binamu yake? Si anakula kule? Tena aliogopa kupeleka ya kwake, maana mtu akisikia tu kwamba imepimwa, mwoka mikate atakimbia. Akapita kwa wifi akaomba chumvi kidogo, akapewa kikombe kizima. Hiyo ndiyo aliyoipeleka zahanati, akasema ni ya jikoni kwake. Moyoni aliomba ikutwe na sumu. Mama mzima, mtoto yuko kitandani, anaomba hivyo.

Wiki tatu walisubiri majibu. Wiki tatu zote Kidoti aliendelea kula chumvi ya mama yake.

Siku ya majibu muuguzi aliwakalisha, mtoto kalala mapajani mwa baba yake. Maji ni safi, udongo ni safi, chumvi ni safi kabisa. Lakini damu ya Kidoti imepimwa tena, na sumu imeongezeka. Akawaambia wafikirie vizuri, kwa sababu mtoto bado anaila mahali fulani. Akaanza kuwatajia risasi hukaa wapi: kwenye rangi za zamani, kwenye vyombo vya kuungaungwa, kwenye betri chakavu za magari.

Mama Kidoti akavikumbuka vile vipande vinane vya fundi betri.

"Ile chumvi niliyoleta," akasema, "si yangu."

"Ni ya nani?" muuguzi akauliza.

"Ya wifi yangu."

Mumewe akageuka. "Uliombaje chumvi kwa wifi yako, na nyumbani kwetu umeipiga marufuku?"

"Nilitaka iwe yake," akasema.

Baba Kidoti alimwinua mtoto, akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari la wagonjwa la kwenda hospitali kubwa.

Fundi betri alipofuatwa alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema angeambiwa ni kwa ajili ya chumvi asingetoa hata kipande, kwa sababu yeye mwenyewe hali bila kunawa na watoto wake hawaruhusiwi kukanyaga pale. Maji ya chumvi, siku nzima juani, yalikuwa yanaila ile risasi kidogo kidogo na kuibeba.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo Mama Kidoti alilijua sasa. Mchana wa siku hiyohiyo alikwenda kwa mwoka mikate, foleni ikiwa imejaa, akawaambia watu wote kwamba chumvi yake ina sumu, waimwage, na waliokwisha kula wapeleke watoto wakapimwe. Walimtukana, akasimama pale mpaka alipoulizwa swali la mwisho. Watoto watatu wa mtaani walikutwa na sumu kidogo, wakatibiwa mapema. Watu wa afya wakang'oa vile vipande na kulifukia jaruba.

Kwa wifi alikwenda mwisho, maana huko ndiko kulikokuwa kugumu. Alieleza yote, la supu na la kikombe. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," akasema, "mimi nilikwambia uje nikuonyeshe."

Wala hakumfukuza.

Kidoti alipona tumbo. Alipewa dawa ya kuitoa sumu mwilini, rangi ikamrudia, kicheko kikamrudia. Lakini daktari aliwaambia wazazi ukweli: sumu inaweza kutolewa kwenye damu, ila yale iliyoyaharibu kichwani huenda yasirudi yote. Kidoti amerudia darasa. Kila alasiri binamu yake huja kumsomesha, wanakaa barazani na kitabu kimoja. Kidoti hufuata neno kwa kidole, husimama katikati, huanza upya. Binamu humngoja bila kumharakisha. Mama husimama mlangoni akisikiliza neno ambalo mwanawe alilisoma akiwa na miaka mitano, na mwalimu amemkataza kumsaidia, ili mtoto alipate mwenyewe.

FUNZO

Ndugu zangu, weupe wa chumvi si usafi wake. Sumu ya madini haionekani, hainuki, haina ladha, na kuichemsha hakuiondoi. Ulizeni chumvi yenu ilikaukia juu ya nini na imehifadhiwa kwenye chombo gani. Betri chakavu na vyuma msivyovijua visikaribie chakula, na mtoto asiachwe karibu navyo, kwa kuwa yeye ndiye huumia kwanza na kwa muda mrefu. Mkiulizwa na watu wa afya, semeni kweli siku ya kwanza, msingoje wiki tatu.

Na kuhusu wivu, mchuma janga hula na wa kwao. Mama Kidoti alilichuma, lakini bakuli kubwa alilishwa mtoto. Ukiona cha jirani kinapendeza, mwulize kafanyaje. Akikujibu, mwamini, na akikuita akuonyeshe, nenda.