Mauwa Ageuka Uzio

Asubuhi za Mtoni, mwaka ule wa 1973, zilikuwa na haraka zake. Wanaume waliwahi bandarini. Wanawake waliwahi bomba la maji. Mauwa aliwahi jiko, maana wateja wa maandazi hawana subira hata kidogo.

Mbele ya nyumba yake, hatua tatu tu kutoka njia ya watu wote, palikuwa na shimo. Mumewe, Fakihi, ndiye aliyelichimba ili apate udongo wa kukandikia nyumba. Nyumba ikasimama. Shimo likabaki limeachama miaka mitatu.

Siku moja bibi afya, Auleria, alimwambia Fakihi, "Lifukie kabla ya masika."

Fakihi akaitikia vizuri sana. Kisha akalaza fito juu ya shimo, akatandaza makuti, akamwaga mchanga.

"Limefungwa!" akajisifu.

"Limefungwa, au limevishwa kanga?" Mauwa akauliza.

"Pika maandazi, mke wangu."

Siku ya nne, jirani yao Albano, kuli wa bandarini, alisogea pembeni kupisha baiskeli. Akakanyaga ule mchanga. Fito zikakatika. Walimtoa shimoni mguu wake umevunjika.

Jioni ile Auleria alirudi.

"Kiwanja changu, shimo langu," Fakihi akasema. "Nani alimtuma aache njia?"

"Kiwanja ni chako, na hatari yake ni yako vilevile," Auleria akajibu. "Shimo likiwa kando ya njia, kulifukia ni jukumu la mwenye kiwanja. Kama huwezi leo, zungushia uzio imara, unaoonekana na kila mpita njia. Lakini makuti? Huo ni mtego. Afadhali lingebaki wazi, Albano angeliona."

"Nitafukia nikipata nafasi."

Mauwa alimtazama mumewe. Nafasi ya Fakihi aliijua: haijawahi kufika. Na kesho yake watu wangepita palepale.

Kulipokucha alibeba jiko, kigoda na karai, akaketi ukingoni mwa shimo.

"Mama, leo umehamia njiani?" wapita njia wakamtania.

"Mie ndio uzio! Pita kule, baba. Hapa pana shimo la Bwana Fakihi."

Kila aliyepita aliambiwa hivyo, kwa sauti ya kufika Temeke nzima. Fakihi akatoka mbio.

"Ingia ndani! Unanitia aibu!"

"Aibu haijamvunja mtu mguu. Sitoki."

"Nakuamuru!"

"Amuru. Uzio hauna masikio."

"Na chakula changu?"

"Uzio haupiki ugali."

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Mauwa akajifunika sinia kichwani, akabaki palepale. Watu waliojibanza barazani hawakumtazama yeye. Walimtazama Fakihi, aliyekuwa mlangoni, mkavu.

Fakihi akachukua panga na nguzo, akaingia mvuani. Kufikia jioni shimo lilikuwa na uzio wa kufika kifuani, umefungwa vitambaa vyeupe. Ndipo Mauwa aliposimama.

Mvua zilipotulia, Fakihi alichota maji ya shimoni kwa debe, akatoa fito na makuti yaliyooza. Alitaka kujaza takataka, Auleria akamkataza.

"Zitaoza, na ardhi itadidimia. Tia mawe na udongo. Kila ukijaza kidogo, shindilia."

Fakihi akashika jembe, akaelekea nyuma ya nyumba.

"Wewe!" Mauwa akaita. "Usinichimbie shimo la kufukia shimo!"

Hata Fakihi alicheka. Akaenda kuomba kifusi cha nyumba iliyobomolewa jirani, akakibeba kwa mkokoteni na kukishindilia shimoni wiki mbili nzima.

Siku aliyomaliza, Albano alifika kwa mkongojo. Akasimama pembeni.

"Nisamehe, ndugu yangu," Fakihi akasema. "Kosa ni langu. Sasa pita."

"Hapo? Mie sipiti. Hata mara ile ulisema limefungwa."

Mauwa akaenda katikati ya pale palipofukiwa, akaruka mara tatu kwa kishindo.

"Njoo uruke na wewe," akamwambia mumewe.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Fakihi, mtu mzima na ndevu zake, akaruka. Akaruka tena. Ardhi haikutikisika. Njia nzima ikacheka, na Albano pia. Akatanguliza mkongojo, kisha mguu mzima, kisha ule unaopona, akapita katikati.