Tepu Kati ya Meno

Kila siku Kijino alirudi kutoka shule, akala, akanawa mikono, kisha akakaa kwenye stuli kando ya cherehani ya mama yake. Alikuwa msichana wa miaka tisa. Jina la Kijino alipewa na baba yake siku jino lake la mbele lilipong'oka. Jino lilishaota zamani, lakini jina liligoma kuondoka.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Alishona na kufundisha kwa wakati mmoja. Miguu ilikanyaga cherehani, na mdomo uliimbisha jedwali la kuzidisha.

"Saba mara saba ni arobaini na..."

"Tisa!"

"Saba mara nane ni hamsini na..."

"Sita!"

Wateja waliokuja kupimwa walimsifu mtoto. Mama alivimba kichwa.

Siku moja Kijino alileta barua kutoka kwa mwalimu wake. Katika jaribio la jedwali alikuwa amepata maswali mawili kati ya ishirini. Mwalimu angemuuliza tena, ana kwa ana, baada ya wiki tatu. Akishindwa, angerudia darasa la tatu. Na mdogo wake ndiye aliyekuwa anakuja darasa hilo mwaka ujao.

"Nitakaa dawati moja na mdogo wangu?" Kijino aliuliza.

Hakulia. Aliangalia viatu vyake tu. Mama aliumia zaidi kuliko kama angelia.

"Mwalimu ana lake jambo," mama alisema. "Mbona hapa anajibu yote?"

Baba yake, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa akisugua rangi kwenye kucha. "Labda mtoto ni mzito wa kichwa, kama mimi. Mimi nilirudia darasa mara mbili."

"Wewe ulirudia kwa kutoroka shule!" mama alimjibu.

Wote walicheka, isipokuwa Kijino. Yeye alilishika lile neno. Kesho yake, mama alipoanza kuimbisha, mtoto alisema, "Mama, tuache tu. Mimi ni mzito."

Wakati huo jirani yao alikuwa mlangoni. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, na alikuwa amefuata sare yake iliyopunguzwa urefu. Hakuichukua. Alivuta kiti, akakaa.

"Fundi, hebu simamisha cherehani kidogo," alisema. "Kijino, mwanangu, saba mara nane?"

Kijino aliangalia midomo ya mama yake. Mama alifungua mdomo. "Hamsini na—"

Muuguzi aliinua mkono kumzuia. Mtoto aliendelea kuangalia midomo ya mama yake. Jibu halikuja.

"Umeona, dada?" muuguzi alisema taratibu. "Mtoto huyu si mzito. Amejifunza vizuri kabisa. Amejifunza kumalizia maneno yako."

Mama alikasirika. "Yaani mimi ndiye ninayemharibu? Mimi ninayekauka koo kila siku?"

"Hujamharibu. Unamfanyia kazi yake. Sikiliza, fundi. Kukumbuka si kuweka kitu kichwani tu. Ni kukitoa pia. Nyinyi mnaweka kila siku, lakini anayetoa ni wewe. Darasani wewe haupo. Nani atatoa?"

Mama alikunja kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani.

"Kola ulijifunza vipi kukata?" muuguzi aliuliza.

"Fundi wangu alinichorea kwa chaki. Nikafuata mistari. Nilijiona bingwa." Mama alianza kutabasamu bila kupenda. "Siku moja akaficha chaki yake. Akasema, kata. Niliharibu kola mbili. Ya tatu ikakaa."

Alisimama ghafla. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

"Basi," muuguzi alisema, "na wewe ficha chaki."

Walikata kadi kutoka kwenye maboksi yaliyokuja na vitambaa. Upande mmoja waliandika swali, upande wa pili jibu. Muuguzi alieleza namna ya kuzitumia. Kadi zichanganywe, zisifuate mpangilio. Mtoto ajibu kwanza, ndipo ageuze kadi. Zitumike chache kila siku, si zote kwa siku moja. Kadi aliyoikosa irudi kesho. Aliyoipata ikae siku mbili tatu, kisha aulizwe tena.

"Kwa nini tusubiri mpaka asahau?" mama aliuliza.

"Akisahau kidogo, halafu akaitafuta na kuipata, inakaa zaidi. Na alale mapema. Usingizi unasaidia akili kutunza ilichojifunza."

"Na akinyamaza?"

"Hesabu mpaka kumi moyoni, taratibu. Akinyamaza usidhani amelala. Anatafuta. Na lile neno 'mzito' lisisikike tena hapa. Mtoto akiambiwa hawezi, anaacha kujaribu. Mwambie, 'Bado hujaipata.'"

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Kijino alipata kadi tatu kati ya kumi. Mama alihesabu moyoni mpaka nne, uvumilivu ukamshinda. "Thelathini na—"

"Mama!" Kijino alifoka. "Usiniambie!"

Mama aliona aibu. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alichukua tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akaibana kwa meno. Kijino alicheka mpaka akaangusha kadi. Tangu siku ile, kila kadi zilipotoka, tepu iliingia mdomoni.

Siku ya tano alipata sita. Siku ya saba alirudi hadi nne, na mama alitaka kutupa kadi zote jalalani. Hakuzitupa. Baba naye alianza kumuuliza asubuhi njiani kwenda shule.

"Lile neno nililokuita nimelifunika kwa rangi," baba alimwambia mtoto. "Mara mbili. Halionekani tena."

Wiki tatu ziliisha. Mwalimu alimruhusu mama kukaa nyuma ya darasa. Maswali yalitoka bila mpangilio. Kijino alijibu. Alikosa moja. Akajibu tena. Lilipofika swali la mwisho, mwalimu aliuliza, "Saba mara nane?"

Kimya. Mwalimu aliangalia saa yake. Kijino aligeuka, akamtazama mama yake midomoni.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa mama. Alivuta tepu iliyoning'inia shingoni, akaibana kwa meno kwa nguvu, akaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu.

Kijino aliiona tepu. Akageuka, akatazama ukuta.

"Saba mara saba ni arobaini na tisa," alinong'ona. Hakuna aliyemfundisha njia hiyo. "Ninaongeza saba nyingine..." Vidole vyake vilicheza juu ya sketi. Mama alikuwa amefika tisa.

"Hamsini na sita!"

Mwalimu aliandika. "Kumi na tisa kati ya ishirini," alisema. "Hongera. Tutaonana darasa la nne."

Kijino alimkimbilia mama yake. Mama alikuwa bado amekaa pale pale, machozi yakimtiririka, meno yameibana tepu.

"Mama," Kijino alisema, akiivuta tepu taratibu, "sasa unaweza kuongea."