Cheti cha Mama Mkwe

Kwenye mgahawa wa kona, karibu na karakana za maseremala, mpishi alikuwa mmoja: mama mkwe. Mwenye mgahawa alikuwa mkazamwana, lakini jikoni alihesabiwa mgeni. Akiongeza chumvi tu, mama mkwe hukohoa kidogo. Naye hurudi kwenye meza zake.

Jumanne moja alifika afisa wa afya, mwanamke mwenye faili kwapani. Kibali cha mgahawa kilikuwa karibu kuisha muda wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Afisa alikagua choo, akachungulia pipa la maji, akafunua ndoo ya taka. Aliomba kuona ubao wa kukatia nyama. Kisha wa mboga. Akaonyeshwa ule ule.

"Tafuteni wa pili," alisema. "Nyama mbichi na mboga zisikatiwe pamoja. Sasa naomba vyeti vya kupimwa afya, cha kila anayeshika chakula."

Mkazamwana alitoa chake. Cha mama mkwe hakikuwepo.

"Mimi nipimwe?" Mama mkwe alishika kiuno. "Nimelea watoto saba kwa mikono hii. Leo naitwa mchafu?"

"Hapana, mama. Kuna vijidudu hukaa tumboni bila kumuumiza mwenyewe. Anajiona mzima kabisa. Lakini vikitoka chooni vikafika mikononi, kisha kwenye chakula, mwingine anaugua. Macho hayavioni. Vinaonekana maabara."

"Na nisipokwenda?"

"Kibali hakitatoka. Nawapa siku saba uwe umekwenda kupimwa."

Siku mbili zilipita. Mkazamwana aliona haya kulitaja. Utamwambiaje mama mkwe wako apeleke choo kikubwa kwenye kikopo? Siku ya tatu alijikaza.

"Mama, mimi nilipokwenda kupimwa niliona haya sana. Nilikificha kile kikopo ndani ya kanga. Twende wote. Nami nitapimwa tena."

"Wewe upimwe tena kwa nini?"

"Ili tuwe wawili wa kuona haya."

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi nitafutie viatu," alisema.

Walipimwa zahanati, na majibu yakatoka siku ile ile mchana. Mkazamwana alikuwa salama. Mama mkwe alikuwa na ameba, vijidudu vinavyoleta kuhara damu. Alikaa kwenye benchi la zahanati.

"Mwezi uliopita maseremala wawili waliharisha," alimwambia daktari kwa sauti ndogo. "Ni mimi?"

"Hatuwezi kujua, mama. Huenda ni maji, huenda ni kitu kingine. Tunachojua ni kwamba ameba zinatibika. Maliza dawa zote, hata kama huumwi. Na usishike chakula mpaka tupime tena."

Mkazamwana alimshika mkono, wakarudi polepole.

Kuanzia siku hiyo alipika yeye. Mama mkwe aliweka kigoda nje ya mlango wa jikoni, akawa jemadari.

"Kitunguu kinaungua! Nasikia harufu!"

"Nimekiona, mama."

"Na mikono? Umenawa kwa sabuni? Hata katikati ya vidole?"

"Nimenawa, mama."

Wiki chache baadaye alipimwa tena. Hakikuonekana kijidudu hata kimoja. Afisa wa afya alirudi, akaona vyeti viwili na mbao mbili za kukatia, akatoa kibali. Mkazamwana alibandika vyeti na kibali ukutani.

"Jina langu ni lipi hapo?" aliuliza mama mkwe, ambaye hakujua kusoma.

Mkazamwana alimwonyesha. Mama mkwe alilifuata kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho.

Muuza juisi wa jirani alikuwa amesimama mlangoni, akitazama.

"Na mimi nimeambiwa nikapimwe," alisema. "Lakini naogopa majibu, mama."

"Ukiwa mzima, utarudi na cheti," alisema mama mkwe. "Ukiwa na ugonjwa, utarudi na dawa. Funga kibanda, nakusindikiza."