Kadi Yenye Mguu wa Mtoto

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, lakini Fransisko alikuwa jikoni anakoroga uji. Alikoroga kwa nguvu zote, kama mtu anayechimba shimo la choo. Hata hivyo uji ulitoka na madonge.

"Kunywa, Mama Rogath," alimwambia mke wake. "Madonge nayo ni chakula."

Dionisia alicheka, akanywa. Alikuwa na wiki nne tu tangu ajifungue. Wao ni wakulima wa Mnero, wilaya ya Nachingwea. Mtoto huyo, Rogath, alikuwa wa kwanza, na walimngoja kwa miaka sita.

Desturi inajulikana. Mwanamke akijifungua, hukaa nyumbani siku arobaini. Hapiki, hachoti maji, hasafiri. Mama yake mzazi ndiye huja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia, na kumwogesha mtoto. Lakini mama yake Dionisia hakuja.

Mama huyo ni Bibi Lusia. Anaishi Mandawa, wilaya ya Ruangwa, peke yake na kuku wake. Umri umempa nywele nyeupe na masikio mazito. Siku Rogath alipozaliwa, Dionisia alimpigia simu kwa furaha. Mtandao ulikuwa unakatika. Dionisia alipaza sauti.

"MAMA! MAMA, UNANISIKIA?"

"Nani huyo?"

"NI MIMI! NASEMA NIMEJIFUNGUA! MBONA HUNISIKII?"

Bibi Lusia hakusikia habari. Alisikia kelele tu.

"Unanifokea mimi?" alisema. "Mimi niliyekuzaa?"

Akakata simu. Tangu siku hiyo hakupokea tena. Habari za mjukuu alizipata kwa majirani, na hilo lilimuumiza zaidi. Fransisko alikwenda mpaka Mandawa kumweleza. Alirudi na jibu fupi.

"Kasema, 'Dionisia ana mdomo wake mwenyewe.' Basi. Kanipa na mayai sita, lakini neno hakuongeza."

Dionisia alilia siku nzima. Alimtamani mama yake. Mwili ulimuuma, mtoto alilia, na hakujua kama analia kwa njaa au kwa tumbo. Nani wa kumuuliza? Fransisko ni mume mwema, ila mambo ya uzazi alikuwa anayabahatisha kama uji wake.

Ndipo Dionisia akakumbuka kwamba siku ya kuzaliwa ya mama yake inakaribia. Bibi Lusia alizaliwa tarehe kumi na tatu Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Padri ndiye aliyempa jina hilo siku ya ubatizo. Mwaka huu angetimiza miaka sabini.

"Nitamwandikia kadi," Dionisia alimwambia mume wake. "Kusoma anajua. Alisoma kisomo cha watu wazima. Sikio halisikii, lakini jicho linaona."

"Ninunue mjini?"

"Za mjini zina keki na maneno ya Kizungu. Mama atasema nimemtumia tangazo la duka. Nitatengeneza mwenyewe."

Alichukua karatasi ya daftari, akaikunja. Sasa, rangi atapata wapi? Alitazama nje. Mabibo ya mwisho ya msimu yalikuwa yameanguka chini ya mikorosho. Nani huku asiyejua doa la bibo? Likishika shati, utafua mpaka shati lichakae, doa lipo. Dionisia akaona amepata wino wa bure, tena usiofutika.

Alimwomba Fransisko amletee mabibo matano. Alikata moja, akagonga kipande kwenye karatasi kama muhuri. Alirembesha kote, nje na ndani, akaandika "Mama" kwa maji ya bibo. Kisha akaifunga kadi na kuiweka dirishani ikauke.

Asubuhi yake kadi ilikuwa na wageni. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani mpaka katikati ya kadi. Karatasi ilikuwa imejikunja. Kurasa zilikuwa zimegandana, na Dionisia alipozivuta zilichanika. Pale alipoandika "Mama" palikuwa na tope la kahawia.

Wakati huo aliingia jirani yao, Mwalimu Raudha. Yeye hufundisha watoto wa chekechea, na shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amekuja kumsaidia kumwogesha mtoto.

"Hodi! Mzazi hajambo?" Akaiona kadi. "He! Na hii nini?"

Dionisia alimweleza. Mwalimu Raudha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwenzangu, bibo linaijua nguo. Karatasi hailijui! Bibo ni maji na sukari. Maji yanailegeza karatasi, sukari inaita sisimizi."

"Usinicheke, Mwalimu. Mimi nimebakiwa na hiyo kadi tu. Mama yangu hataki kusikia neno langu."

Mwalimu Raudha aliacha kucheka. Aliketi mkekani.

"Samahani, Mama Rogath. Basi tutaitengeneza, na itapendeza. Mimi picha za darasani nazitengeneza mwenyewe, sijanunua hata moja. Una kandambili mbovu?"

"Za nini?"

"Wewe nipe tu."

Baada ya kuswali adhuhuri, Mwalimu alirudi na mfuko wake. Ndani mlikuwa na karatasi nene ya manila, mkasi, rula, wembe, sponji, gundi na rangi za maji. Fransisko alileta kandambili iliyokatika kamba.

"Kwanza karatasi," alisema Mwalimu. "Ya daftari ni nyepesi, haisimami. Manila ni nene. Lakini manila ukiikunja kwa mkono tu, inavunjika vibaya. Weka rula pale unapotaka kukunja. Pitisha mgongo wa kijiko, ubonyeze. Sasa kunja."

Dionisia alifanya hivyo. Manila ilikunjika kwa mstari ulionyooka.

"Kumbe!"

"Kumbe nini, bado. Sasa muhuri. Soli ya kandambili ni laini, inakatika vizuri. Chora umbo kwa kalamu. Kata pembeni kwa wembe, taratibu, vidole vikae nyuma ya wembe. Halafu bandika kwenye kipande cha ubao ili upate pa kushika."

Dionisia alikata jani la ufuta na ua lake dogo. Alitaka pia kukata herufi L, ya Lusia. Alipoigonga kwenye karatasi mbovu, mguu wa L ulitazama kushoto.

"Nimekosea!"

"Hujakosea peke yako. Kila mtu anaanzia hapo," alisema Mwalimu. "Muhuri hugeuza. Andika herufi kwenye karatasi nyepesi, igeuze, ishike dirishani kwenye mwanga. Hiyo unayoiona kwa nyuma ndiyo ya kuchora kwenye soli."

Mara ya pili L ilitoka sawasawa. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kupaka rangi. Muhuri hauchovywi kwenye rangi ukalowa. Rangi inapakwa kwenye sponji, kidogo, kisha muhuri unagongwa juu ya sponji. Kwanza unajaribu kwenye karatasi mbovu. Ikitoka vizuri, ndipo unagonga kwenye kadi. Unabonyeza mara moja, unanyanyua wima, huburuzi.

"Rangi ikikauka, ndipo ufunge kadi," alisema Mwalimu. "Ya jana uliifunga mbichi."

"Hilo nimeshafundishwa na sisimizi," alisema Dionisia.

Walicheka wote. Kisha Mwalimu aliuliza, "Mama yako anapenda nini?"

"Kuku wake. Ana mmoja kishingo, hana manyoya shingoni. Anamsema kutwa, lakini mahindi anampa yeye kwanza."

"Basi tumweke kishingo ndani ya kadi, asimame."

"Asimame vipi?"

Mwalimu alifungua kadi. Katikati, kwenye mkunjo, alikata mistari miwili inayolingana, yenye urefu wa kidole. Alisukuma sehemu ya kati ikaingia ndani. Kadi ilipofunguliwa, sehemu ile ilijitokeza kama kiti kidogo. Dionisia alichora kishingo kwenye kipande kingine cha manila. Alimkata, akampaka gundi nyembamba, akambandika kwenye kile kiti. Wakafunga kadi, wakaifungua. Kuku akainuka!

"Mwalimu, huyu anataka mahindi!" alisema Fransisko, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Na kama huna gundi ya dukani," Mwalimu aliendelea, "pika unga wa ngano na maji mpaka uwe mzito. Upoe. Paka kidogo sana, anika juani ukauke kabisa. Ukipaka nyingi, unawajua watakaokuja."

Ilibaki nafasi ya maneno. Dionisia alishika kalamu. Alitaka kuandika mengi. Alitaka kuomba radhi kwa mistari ishirini.

"Macho ya miaka sabini yanataka herufi kubwa na maneno machache," alisema Mwalimu. "Ungekuwa mbele yake sasa hivi, ungemwambia nini?"

"Kwamba sikumfokea. Nilitaka anisikie tu."

"Liandike hilo."

Dionisia aliandika kwa herufi kubwa, moja moja. Alipomaliza, bado upande wa kulia ulikuwa mweupe. Rogath alikuwa anaamka mkekani, anarusha miguu. Dionisia alimtazama.

"Mwalimu, na mguu wa mtu unaweza kuwa muhuri?"

Mwalimu Raudha alimkazia macho. "Hilo hata mimi sikuliwaza. Unaweza. Ila si wino wa muhuri, ngozi ya mtoto ni laini. Tumia hii rangi ya maji ya watoto wa chekechea. Soma hapa, imeandikwa haina sumu. Weka maji ya vuguvugu na sabuni karibu, tumwoshe mara moja. Asipate nafasi ya kutia mguu mdomoni."

Walijaribu kwanza kwenye karatasi mbovu. Rogath alikunja vidole, ikatoka ngumi ya mguu. Walijaribu tena. Mara ya tatu Fransisko alimshika kifundo, Dionisia akabonyeza kadi kwenye unyayo badala ya kubonyeza mguu kwenye kadi. Ukatoka wote, kisigino na vidole vitano. Rogath alipiga chafya, akaoshwa, akanyonya.

"Sasa nisikilize jambo jingine," Mwalimu alisema akifunga mfuko wake. "Mama akija, usipaze sauti. Mwenye masikio mazito, ukimpigia kelele anaona umekasirika tu, maneno hayapati. Kaa mbele yake aone midomo yako. Sema polepole, sauti ya kawaida."

"Akija," alisema Dionisia. "Mwalimu, asipokuja je?"

"Kadi ni nzuri, Mama Rogath. Iache ifanye kazi."

Tarehe kumi na tatu alfajiri, Fransisko aliwasha pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope. Kadi ilikaa katikati ya vipande viwili vya boksi, ndani ya jalada la plastiki la daftari, kifuani mwake. Alipita Nachingwea mjini, akapita Ruangwa, akafika Mandawa amekuwa mwekundu wa matope.

Bibi Lusia alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umekuja tena kusemea watu?"

Fransisko alisogea mbele yake, kama Mwalimu alivyofundisha. "Hapana, mama. Leo sisemi. Nimeleta."

Akampa kadi kwa mikono miwili. Bibi Lusia aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga. Alitazama L kubwa iliyozungukwa na majani ya ufuta. Aliifungua. Kuku akainuka.

"He! Kishingo wangu! Nani kamtia huku?"

Alifunga, akafungua tena. Alicheka. Kisha alianza kusoma. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama walivyofundishwa zamani kwenye kisomo.

"Mama. Nilipaza sauti ili unisikie. Sikukufokea. Nilikuwa nakuambia mjukuu wako amezaliwa. Huu ni mguu wake. Heri ya siku yako ya kuzaliwa. Mimi mwanao, Dionisia."

Alirudia kusoma, "Sikukufokea." Kisha akaweka dole gumba lake juu ya ule unyayo. Dole lilikaribia kuufunika wote.

"Ni mdogo hivi?" aliuliza.

Fransisko aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka Bibi Lusia, hakuyaficha.

"Wiki tano mwanangu yuko peke yake," alisema. "Mimi nimekaa hapa na hasira zangu napepeta mtama." Akainuka. "Mkwe, hiyo pikipiki inabeba mzee na furushi?"

"Inabeba, mama."

"Basi ngoja nimwambie jirani awatazame kuku."

Jioni Dionisia alisikia pikipiki. Alitoka hadi kibarazani na mtoto kifuani. Alimwona mama yake anashuka, kanga imejaa tope, furushi kichwani. Alifungua kinywa apige kelele za furaha. Akajizuia. Alimsogelea, akapiga goti mbele yake, akamtazama usoni.

"Shikamoo, mama," alisema polepole. "Karibu. Huyu ndiye Rogath."

"Nimesikia," alisema Bibi Lusia. "Nimesikia vizuri kabisa."

Alimpokea mtoto. Kabla ya kumtazama uso, alifunua kanga na kutafuta miguu. Alitoa kadi kifuani, akaupima mguu mmoja, halafu mwingine.

"Kumbe ni wa kushoto," alisema. "Njia nzima nabishana na mkwe, nasema wa kulia."

Akamkumbatia Dionisia kwa mkono uliobaki. Akaingia naye ndani, akaona sufuria ya uji, akachungulia, akaguna. Kisha akamwekea binti yake mto vizuri kitandani.

"Lala, mwanangu," alisema. "Mimi nipo."